Usiuziwe Stika: i7 na Dust Zinatoka Shamba Moja

Kila base iko na mse wa i7.

Unamjua. Akiingia kwa kibanda ya chai, lapi inatangulia, yeye anafuata. Anaikalisha kwa meza stika ikiangalia watu. Hajakugotea, hajauliza form, ashakuambia "hii ni i7, buda." Ukimuuliza i7 ya gen gani, anapuliza chai. Ukimuuliza iko na core ngapi, anaitisha mandazi.

Mse wa i7 si mtu mbaya. Aliuziwa gredi na hajui gredi ni nini. Na hapo ndio aibu inaingilia, juu huyu mse ametoka Kericho. Ama Bomet. Sisi watu wa hapa tumelelewa na gredi. Fees yako ililipwa na gredi. Kama kuna mtu hii Kenya hafai kuingizwa box na stika, ni wewe wa Litein, wa Sotik, wa Silibwet, wa Mogogosiek.

So keti, nikuchanue. Chamgei kwanza. Sawa, tuendelee.

Kichaka moja, magunia tofauti

Anza na kenye unajua. Mathe amechuna majani mawili na chipukizi. Imepimwa kituoni, karani akaandika kilo zake na ule mwandiko wa daktari, lori ikabeba. Imefika kiwanda: Tegat, Momul, Kapkatet, Kapkoros, chagua yenu. Inanyaushwa, inakatwakatwa na mashine ya CTC, inaachwa igeuke rangi, inakaushwa. Halafu inamwagwa kwa chekecheke za kutetemeka.

Hapo ndio majina inapeanwa. Chekecheke haiulizi majani ni ya shamba ya nani. Inaangalia saizi ya punje tu. Zile kubwa ni BP1. Inafuata PF1, hizo ndio nyingi. Halafu PD. Halafu D1, dust yenyewe. Zenye zimebaki zinaitwa gredi za pili, na huko nyuzi zinaruhusiwa. Kila gredi na gunia yake, kila gunia na bei yake, na kule mnada ya Mombasa kuna watu kazi yao ni kuonja na kutema kabla mtu atoe doo.

Kichaka ni moja. Siku ni moja. Ata ile mvua ya mchana iliwanyeshea zote. Lakini majina ni tofauti na bei ni tofauti.

Sasa toa majani, weka silikoni. Umeelewa prosesa. Kwa heri.

Naskia unasema nimekuwacha kwa mataa. Haya, rudi.

Venye chipu inapewa jina

Watu hudhani Intel wanaamka Jumatatu wanapika i7, Jumanne wanapika i5, Ijumaa wakichoka wanapika i3. Zii. Wanachukua sahani nyembamba ya silikoni, upana wake milimita 300, inaitwa wefa. Juu yake wanachora chipu kibao, zote design moja, kama ni ndogo zinafika mamia. Zikitoka hapo hazina i5 wala i7. Ni ndugu wa sahani moja.

Shida ni, ndugu hawatoki sawa. Hicho chumba chao hewa inachujwa kuliko chumba cha upasuaji, lakini bado chembe ya vumbi inaweza kuponyoka, na kwa hio saizi ya kazi, chembe ni jiwe. Pia michoro haitoki sawa sahani nzima. Mara nyingi chipu za ukingoni hutoka zimelegea kuliko za katikati. Kuna yenye inakimbia sana na umeme kidogo. Kuna yenye inakimbia lakini inakula umeme na inatoka jasho. Kuna yenye kichwa moja imekufa. (Core ndio vichwa za prosesa, mimi naziita vichwa, ukitaka Kiswahili sanifu ngoja mtihani.)

So zinapimwa. Sindano ndogo zinagusa kila chipu, inaulizwa maswali. Unafika kasi gani? Unataka umeme kiasi gani? Vichwa zote ziko macho? Yenye imepita na makofi inawekwa stika ya bei. Yenye imepita polepole inapewa jina la chini. Yenye sehemu imekufa, wanaunguza fyuzi ndogo ndani yake, hio sehemu inazimwa milele, na chipu inauzwa kama modeli ndogo. Yenye imekufa yote inatupwa. Hio kazi inaitwa binning. Hapa kwetu inaitwa kuchekecha, na tunaifanya tangu enzi za mkoloni.

Usidhani hizi ni stori za Taiwan pekee. Nyeri, ndani ya Dedan Kimathi University, kuna kampuni inaitwa Semiconductor Technologies Limited iko kwa hii form ya semikondakta. Naam, Nyeri. Watu wa East of Rift wanatushinda bonus ya chai kila mwaka, sasa wanataka na chipu pia. Mungu anaona.

Chipu vilema zenye umependa bila kujua

Unajidai hauwezi gusa kitu imezimwa sehemu? Wacha nikuonyeshe.

Ryzen 5 5600X ya AMD, 2020. Vichwa 6, gamer wote waliitaka. Ile kipande ya silikoni ndani iko na vichwa 8. Mbili zimezimwa. Zikiwa macho zote 8, inaitwa 5800X na inaongezwa bei.

MacBook Air ya M1, pia 2020. Ile ya bei ya chini ilikuja na vichwa 7 za grafiki. Chipu yenyewe imechorwa na 8. Yule dem wa Instagram mwenye alipost "new baby" alinunua gredi ya pili kwa bei ya ng'ombe mbili, na hajawahi feel kitu.

PlayStation 3, 2006. Prosesa yake inaitwa Cell, ilichorwa na vichwa 8 za msaada. Sony wakasema 7 zinatosha, moja izimwe kwa kila mashine, ndio kiwanda isitupe chipu juu ya kichwa moja mbovu. Miaka yote hio umechapwa FIFA kwa chipu yenye imezimwa kichwa, na ukalaumu pad.

Dust haina makosa

Wazee wa huku wako na hii hotuba moja. Wanaitoa kwa mazishi, kwa harusi, kwa foleni ya kituo: "Sisi tunalima chai ya wafalme halafu tunakunywa dust." Sauti ya huzuni, macho kwa mlima.

Wazee, pumzikeni. Dust inaiva haraka, inatoa rangi, inapigana na maziwa na inashinda. Hio ndio sababu iko kwa sufuria ya kila mtu. Weka BP1 kwa hio sufuria ya kibanda ya stage na wateja wataondoka na mat kabla maji ibadilike rangi. Gredi inakuambia hio kitu inafaa kazi gani. Heshima mliongeza nyinyi wenyewe.

Na chipu ni hivo hivo. Kama kazi yako ni online writing, transcription, YouTube, movie za kuteremsha na WiFi ya jirani, na CV za kutuma na kunyamaziwa, hauhitaji chipu ya cheo. Unahitaji yenye inaiva haraka.

Lakini jaribu kumwambia buda. Buda wangu hesabu yake ya prosesa ni fupi: saba ni kubwa kuliko tano, kwa hivyo i7 ni kubwa kuliko i5, kesi imefungwa. Ukiongeza swali anakuambia pia mashine nzito ndio inadumu. Buda huyo huyo, mpe punje za chai kwa kiganja, stima zikiwa zimepotea, anakuambia hii ni PF1 na hii ni PD. Lakini akiona stika inang'aa, akili inaenda likizo.

Scandal yenyewe iko kwa ex-UK

Sasa tuingie kwa doo, juu hapo ndio wasee wanaumia. Lapi nyingi za mtaa ni ex-UK. Mzungu ametumia ofisini, kampuni ikabadilisha, ikapanda meli, ikafika Mombasa, ikapanda mlima. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Mashine poa. Nazipenda. Shida ni stika.

Cheki hizi mbili, zote zilitoka 2017. i5-8250U na i7-8550U. Vichwa: 4 kwa 4. Umeme: wati 15 kwa 15. Design: moja. i5 inakimbia mpaka GHz 3.4, i7 mpaka GHz 4.0. Memori ya ndani, i5 iko na MB 6, i7 MB 8. Basi. Hio ndio tofauti kubwa. Ni ndugu wa shamba moja waliopitia chekecheke.

Na hio GHz 4.0 ni ya kuonyesha watu. Ndani ya lapi nyembamba, na kafeni kadogo, i7 inachomoka kama bodaboda ya Kapsoit, halafu joto linapanda, inarudi chini yenyewe. Baada ya dakika kadhaa za kazi nzito zinatembea karibu bega kwa bega, moja ikiwa imelipiwa zaidi. Ex-UK yenye grisi ya prosesa imekauka, ndio kabisa. Hapo i7 ni heater.

Weka hesabu. Sema duka inataka ngiri kumi juu ya bei ya i5 ndio upate i7. Chukua hata bob 25 kwa kilo ya majani mabichi. Hizo ni kilo 400. Kilo 400 za mathe, kwa mgongo, kwa mvua, kwa utelezi, ndio wewe upate stika. Manze, hapana.

Lakini hio si scandal. Scandal ni hii: i7-6600U. Hio ni ya 2015. Vichwa zake? Mbili. Mbili! i7 mzima na vichwa mbili. i7-7500U iliyoifuata? Mbili tena. Halafu i5-8250U inakuja na nne, inampita huku ikipiga mluzi. Mse wa i7, kama unasoma hii, hapa ndio unaitisha mandazi.

Inakuwa mbaya zaidi. Windows 11 ilipokuja, Microsoft waliweka orodha ya prosesa. Za Intel za kawaida zinaanzia gen ya 8. Gen ya 6 haiko. Na Windows 10 iliwachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, yaani masasisho ya kawaida ya usalama yakaisha. So kuna mtu hapa Kaplong anatembea na i7 ya vichwa mbili, yenye haiko kwa orodha, na anacheka i5 yako. Mwache acheke. Ni afya.

Soma namba, wacha jina

Kusoma chipu ni rahisi kuliko kusoma ile risiti ya majani.

Namba ya kwanza baada ya kistari ndio gen. 6600U ni gen ya 6. 8250U ni gen ya 8. 1135G7 ni gen ya 11, hio yake ni 11 pamoja. Gen inakuambia chipu ni ya kizazi gani, na kizazi kinashinda cheo mara nyingi.

Halafu herufi. U ni ya kukula stima kidogo, lapi nyingi za ofisi. H iko na misuli, inakula betri kama mtu ametoka mfungo. K, hizo za desktop, imefunguliwa, unaweza kuisukuma zaidi. KS ni K zilizochekechwa tena, zile za juu ya juu.

Na F. Jamani F. KCSE inaishia E, Intel wakaona haitoshi wakaongeza F. F maana yake sehemu ya grafiki imezimwa. Bei inashuka kidogo. Kama uko na kadi ya grafiki, F ni mchanuo safi. Kama hauna, ngori. Kuna wasee hujenga mashine ya gaming na i5-12400F, hakuna kadi, wanachomeka HDMI kwa ubao (motherboard), skrini nyeusi. Wanalaumu kebo. Wanalaumu stima za Kericho. Wanaombea. Skrini bado nyeusi. Ni F, beshte. Ilikuwa imeandikwa.

Kuna zenye zilishushwa na njaa ya soko

Hapa chai na chipu zinaachana. Kiwanda haiwezi kuchukua BP1 ikasaga iwe dust juu watu wanataka dust. Haina maana. Lakini kampuni za chipu hufanya hivo kabisa. Kiwanda ikikomaa, chipu nzuri zinakuwa nyingi. Soko nayo inataka za bei rahisi. So chipu nzima inazimwa vichwa, inapewa jina dogo, inaenda.

Wasee wakagundua. 1998 kulikuwa na Celeron 300A, imeandikwa MHz 300, bei ya kusota. Watu wakaisukuma mpaka 450 na haikulalamika. 2009 AMD wakatoa Phenom II X2, vichwa mbili. Ukiwa na ubao wa sawa, unawasha zile mbili zimelala, unapata nne. Wakati mwingine zinaamka poa. Wakati mwingine mashine inazima, juu zililazwa na sababu. Hao jamaa wa overclocking ndio wazee pekee tunaheshimu.

Marekani kulikuwa mpaka na duka inaitwa Silicon Lottery. Kazi yao: kununua chipu, kuzichekecha tena wenyewe, kuuza zile kali kwa bei ya juu. Ilifunga 2021. Siku hizi kampuni inakuuzia chipu ikiwa tayari imesukumwa mpaka ukutani. Makombo ya mtaa yaliisha.

Na kusukumwa mpaka ukutani kuko na aibu yake. i9-13900KS ilitoka Januari 2023 na GHz 6.0. Machi 2024 ikafuata 14900KS na 6.2. Ya juu kabisa, gunia ya dhahabu. 2024 hio hio, prosesa kubwa za desktop za gen ya 13 na 14 zikajulikana kwa kuzimikia watu katikati ya game. Intel wakakubali: zilikuwa zinaitisha umeme mwingi kupita kiasi. Wakatoa programu ya kurekebisha na wakaongeza warranty miaka 2. Kosa halikuwa la kuchekecha, lilikuwa la umeme. Lakini mse alilipa bei ya ploti ndio anunue presha. Yule wa i5-8250U alikuwa amelala.

Ukifika kwa duka

Kwanza, tembea kama umetumwa. Usiseme "nahitaji i7." Ukisema hivo ushauzwa.

Sema unataka gen ya 8 kuenda juu. Halafu washa mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ingia Performance, bonyeza CPU. Hapo inaandika jina kamili na vichwa ngapi. Stika inaweza kubandikwa, stika za prosesa zinauzwa online kama za mathree. Hio skrini ni ngumu kudanganya.

Usiamini jina la nje pia. EliteBook 840 G3 ni ya gen ya 6, sawa. G5 nyingi ni gen ya 8, lakini kuna zenye zilitoka na gen ya 7. Soma namba.

Halafu betri. Fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport. Itakutolea ripoti: betri ilizaliwa na nguvu ngapi, imebaki na ngapi. Muuzaji akianza kukohoa, umefika penye ukweli uko.

Ile ngiri kumi haukulipa ya stika? Ongeza RAM ifike GB 16. Kama iko na hard disk ya kuzunguka, weka SSD. Hio utafeel kila siku, kila kuwasha. Ikibaki kitu, badilisha grisi ya prosesa kwa fundi. Joto usiogope sana, Kericho yenyewe ndio cooling pad ya Kenya. Fungua dirisha, funga mvua ikianza.

Buda atasema ni nyepesi haitadumu. Mwambie kongoi.

Na usingoje Oktoba. Bonus yetu ya West of Rift inakuja imekonda, kelele ni ile ile kila mwaka, lakini mtu wa duka anajua siku inaingia kuliko mkulima mwenyewe. Enda Septemba, wakati duka iko kimya na muuzaji ako na rent ya kulipa. Ukienda ile wiki ya bonus, bei itakuwa imekuona ukishuka kwa mat.